Sura ya Nne: Jina Lako Kabla ya Mzigo Wako

Mtu wa Mwanza ana milango mingi ya kutokea. Bandari ya Kaskazini humpeleka Kemondo na Bukoba kwa meli inayokesha ziwani. Kivuko cha Kamanga humvusha kwenda Sengerema, na vyombo vya Ukerewe humshusha Nansio. Nyegezi na Nyamhongolo kuna mabasi ya kila upande wa nchi, Ilemela kuna uwanja wa ndege, na barabara ya Musoma ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha Sirari, ambako ng'ambo ya geti ni Isebania, nchini Kenya. Tangu Juni 2025 kuna pia Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lililomtoa msafiri wa Geita na Chato kwenye foleni ya kivuko na kumpitisha juu ya Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache.

Kila mlango una mtu anayekusubiri na swali lake. Mkatisha tiketi anataka jina. Mkaguzi anataka kitambulisho. Mhudumu wa mapokezi hospitalini anataka kadi ya bima na barua ya rufaa. Ofisa uhamiaji anataka pasipoti, na hatua chache kutoka kwake kuna mtu wa afya anayetaka kadi ya manjano ya chanjo. Maswali haya yanajulikana kabla hatujatoka nyumbani, lakini wengi wetu hukutana nayo tukiwa tumesimama, foleni ikiwa imetujaa mgongoni, mkono mmoja ukipekua begi kati ya nguo na chaja.

Chanzo cha tatizo hili ni namna tunavyofungasha. Tunaanza na nguo, tunafuata zawadi za wenyeji, kisha dakika ya mwisho tunakusanya kadi zote tulizonazo na kuzibana ndani ya pochi moja: kitambulisho, kadi ya benki, bima, leseni, kadi ya kanisa au ya chama cha kuweka na kukopa, risiti za mwezi uliopita. Pochi hiyo hiyo huenda Nansio, huenda Dar es Salaam, huenda Kampala. Ikidondoka majini au ikachomolewa stendi, mtu amepoteza vyote kwa mara moja, hata vile ambavyo safari ile haikuvihitaji.

Nakushauri uanze kwa kupanga kadi, kabla hujagusa hata shati. Na uzipange kwa kufuata maswali matatu ambayo kila safari inauliza, iwe ya nusu saa au ya wiki mbili. Wewe ni nani? Gharama zako zinalipwaje? Na usipoweza kusema mwenyewe, nani aseme kwa niaba yako? Maswali mawili ya kwanza tunayafahamu vizuri. La tatu tunalikwepa, na ndilo ambalo Ziwa Victoria limetufundisha kwa gharama kubwa kuliko yote.

Daftari la abiria

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilisemwa kwa wafanyabiashara, lakini kwenye ziwa letu imewahi kuwa kweli kwa watu.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya majina ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio ya watu 800 na zaidi. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza. Kuna familia zilizojua kwamba ndugu yao alipanda kwa sababu tu alikuwa amesema atapanda. Hapakuwa na karatasi iliyothibitisha.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walifikia 228, na manusura walikuwa 41. Katika siku za kwanza za uokoaji hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni wangapi waliokuwa ndani, kwa kuwa aliyekuwa akitoa tiketi alifariki na mashine yenye kumbukumbu za abiria ilipotelea majini. Hesabu ilipatikana kwa kuhesabu miili na kwa kuwasikiliza ndugu waliojipanga ufukweni.

Kisha tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuifikia na kuwatoa watu. Ndani walikuwamo 43: abiria 39 na wahudumu wanne. Waliokufa walikuwa 19, waliookoka 24. Msiba ulikuwa mzito kama misiba mingine yote, lakini siku ile ile ilijulikana ni akina nani waliokuwa ndani. Kila mmoja alikuwa ameandikwa jina kabla ya kupanda, na jina lilikuwa limelinganishwa na kitambulisho.

Uandikishaji hauzuii dhoruba wala chombo kupakiwa kupita kiasi. Kazi yake huanza pale mengine yote yanaposhindikana: humwambia mzamiaji atafute wangapi, humwambia mama kwamba mwanawe alikuwamo au hakuwamo, na humrudisha marehemu kwao badala ya kumwacha kaburini bila jina. Kwa hiyo kadi ya kwanza ya kupanga kwa safari yoyote ya ziwani ni ile inayobeba jina lako kamili, na jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba jina hilo limeandikwa mahali ambapo chombo hakiwezi kuzama nalo.

Hapa kuna tatizo ambalo watu wa kambi za uvuvi wanalijua. Kambini mtu huitwa kwa jina la utani, kwa kijiji alichotoka, au kwa kazi yake mtumbwini. Anaweza kuvua miaka mitatu na wenzake bila wao kujua jina la baba yake wala wilaya ya kwao. Ukatishaji wa tiketi nao huchukua jina lolote linalotajwa: leo jina la ubatizo, kesho jina la babu. Amua mara moja kwamba jina lako la safari ni lile lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa mpangilio ule ule na kwa tahajia ile ile, na ulitaje hivyo kwenye kila dirisha. Ukiandikiwa tiketi, isome kabla hujaondoka. Herufi moja ikikosewa, omba irekebishwe pale pale.

Mwilini, begani, mzigoni, nyumbani

Baada ya kujua maswali, kinachofuata ni kuamua kila jibu likae wapi. Msafiri ana sehemu nne za kuweka vitu, na kosa kubwa ni kuzitumia zote kama sehemu moja.

Mwilini ni kile usichokivua hata ukilala: mfuko wa ndani wa suruali wenye zipu, kibegi cha kiunoni chini ya shati, au kifuko cha kuning'iniza shingoni ndani ya nguo. Hapa huwekwa kitambulisho cha safari hiyo, fedha za dharura, na kadi ya dharura nitakayoieleza punde. Basi. Kifuko kikinona, utaanza kukivua ili upumzike, na siku hiyo ndiyo utakayokisahau.

Begani ni mkoba au begi dogo ambalo haliendi kwenye buti la basi wala chini ya meli. Humo hukaa tiketi, simu, chaja, pawabanki, dawa za siku zile, kadi ya bima, miwani, kalamu, na fedha za matumizi ya njiani.

Mzigoni ni begi kubwa. Sheria yake ni fupi: kusiwe na kitu humo ambacho ukikikosa kwa siku mbili utakwama. Nakala moja ya kitambulisho na karatasi yenye jina na namba ya simu viwe ndani yake, juu ya nguo, kwa sababu lebo ya nje hubanduka.

Nyumbani ndiyo sehemu inayosahauliwa, wakati ndiyo inayookoa. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja unayemwamini nakala za kadi zako, namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, jina la chombo unachopanda na saa ya kuondoka. Kadi ambazo safari haizihitaji zibaki huko pia. Leseni ya udereva haina kazi kwa anayekwenda msibani Nansio kwa kivuko, kama ambavyo pasipoti haina kazi kwa anayekwenda Dar es Salaam kwa basi akiwa na kitambulisho cha taifa.

Sasa kadi ya dharura. Hii haitolewi na ofisi yoyote. Unaitengeneza mwenyewe kwa dakika tano. Chukua karatasi ngumu yenye ukubwa wa kadi ya benki. Andika jina lako kamili, kijiji au mtaa na wilaya ya nyumbani, majina na namba za simu za watu wawili wasiosafiri nawe, ugonjwa wa kudumu ulio nao, dawa unazotumia, na dawa au chakula kinachokudhuru. Kama kundi lako la damu limepimwa, liandike; kama unalikisia, liache. Tumia penseli au biki ya kawaida, kwa maana wino wa kalamu nyingi za rangi huyeyuka ukiguswa na maji. Ifunike pande zote mbili kwa utepe mpana wa kubandika. Usiandike namba ya siri ya aina yoyote. Kama una simujanja, jaza pia sehemu ya taarifa za dharura ambayo muokoaji anaweza kuifungua bila kujua neno lako la siri. Lakini usiiache karatasi kwa kutegemea simu, kwa kuwa simu ndiyo ya kwanza kufa majini.

Safari za majini

Safari fupi ya maji hudanganya. Mtu anayevuka kwenda kisiwani kurudi jioni huona hana sababu ya kujipanga. Lakini ni katika vyombo vidogo na safari fupi ambako uandikishaji huwa hafifu na maji huwa karibu. Kwa safari hii beba kidogo: kitambulisho, kadi ya dharura, fedha taslimu za kutosha kwenda na kurudi, na simu. Fedha taslimu zinahitajika kwa sababu kwenye visiwa vidogo wakala anaweza kuishiwa floti, na mwenye salio kubwa kwenye simu akajikuta hana nauli.

Vyote viwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Kifuko cha zipu kinatosha, kikifungwa na kukunjwa mara mbili. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, hivyo vifuko hivi si vya kutumia mara moja na kutupa ufukweni. Kimoja kizuri hudumu miezi. Kwa simu na dawa, kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha ni bora zaidi, kwa kuwa huelea. Jaketi okozi livaliwe kabla chombo hakijaondoka, na kibegi cha kiunoni kiwe chini yake, si juu, ili kamba za jaketi zikaze vizuri.

Meli ya usiku ya kwenda Bukoba ni jambo jingine. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurejea kwenye njia hii Agosti 2020 baada ya kukarabatiwa, hubeba hadi abiria 1,200. Ni safari ya kulala, na kulala ndiko kunakotenganisha mtu na mkoba wake. Jibu swali la kwanza kabla ya kupanda, tiketi na kitambulisho vikiwa mkononi, kisha virudishe mwilini na visitoke tena hadi Kemondo au Bukoba. Chaja na pawabanki ziwe begani, juu, ili usifungue begi mbele ya watu usiku wa manane. Tochi ndogo isikosekane.

Kuna sababu ya kimaumbile ya kutovua kifuko chako usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa huteremka kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, hupanda na kufanya mawingu. Ndiyo maana dhoruba nyingi za radi za ziwa hili huja usiku kuelekea alfajiri, wakati abiria wamelala. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hiyo, na ulale ukiwa na jina lako mwilini.

Basi na ndege

Basi la Dar es Salaam hupita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, zaidi ya kilometa 1,100 hadi kituo cha Magufuli pale Mbezi. Hatari kubwa ya kadi kwenye safari hii iko kwenye vituo, pale mtu anaposhuka kula akiwa na usingizi, na pale anapofika akizungukwa na wapokea mizigo. Gawa fedha mara tatu: za chakula mfukoni, za nauli ya mjini begani, za dharura mwilini. Kadi ya benki isikae pamoja na simu yenye fedha za mtandao. Anayepoteza vyote viwili kwa pamoja hana njia ya kupokea hata msaada wa ndugu.

Na hapa namba ya NIDA inaonyesha uzito wake. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba hiyo, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa tarehe 20 Januari 2020. Simu ikiibiwa, utahitaji namba yako na kidole chako ili urudishiwe laini, na pamoja nayo fedha zako. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kilichobaki kukariri ni tarakimu 12. Zikariri kama unavyokariri namba ya simu ya mama yako.

Ndege ndiyo safari yenye maswali machache lakini makali. Jina la tiketi lisipofanana na la kitambulisho unaweza kuachwa. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Pawabanki haiendi kwenye mzigo wa chini. Hukaa nawe ndani, kwa sababu betri za aina yake zikishika moto lazima mtu awepo wa kuzizima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kama pawabanki yako imeandikwa kwa mAh, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, inaruhusiwa, ya 30,000 ni 111, itahitaji kibali cha shirika. Iliyofutika maandishi inaweza kuzuiwa, hivyo usiibandue lebo yake.

Safari ya rufaa

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Watu huijia kutoka Mara, Simiyu, Geita, Kagera, Shinyanga na visiwani. Hakuna safari inayobeba karatasi nyingi zaidi, na hakuna inayofungashwa kwa haraka na hofu kuliko hiyo. Ndiyo maana naamini kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, mjamzito au mzee iwe na bahasha ya rufaa iliyokwisha kupangwa, ikining'inia mahali panapojulikana na wote.

Mfikirie mama mzee wa Ukara anayesindikizwa na binti yake.

"Mama, barua ya daktari uliiweka wapi?"

"Si nilimpa kaka yako? Au iko kwenye kanga."

"Na kadi ya bima?"

"Mwanangu, mie najua? Angalia kwenye sanduku."

Mazungumzo haya hufanyika kivuko kikiwa kinapiga honi. Bahasha huyamaliza. Ndani yake, kwa mpangilio wa kuulizwa, viwepo kitambulisho au nakala yake, kadi ya bima, barua ya rufaa, majibu ya vipimo vya zamani kuanzia ya karibuni, na maganda ya dawa anazotumia sasa. Maganda ni muhimu kwa sababu jina la dawa likisomwa na daktari halikosewi kama linavyokosewa likisimuliwa. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki kila aendako, hata akienda harusini, maana uchungu haungoji arudi nyumbani. Mtoto mdogo abebewe kadi yake ya maendeleo na chanjo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa kwenye kambi za uvuvi ambako watu huhama mara kwa mara, asafiri na kadi yake ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC) na dawa za kuzidi siku za safari, ili akichelewa kurudi asikose dozi na mhudumu wa kituo kingine ajue anatumia nini. Kadi hiyo ikae kwenye kifuko chake peke yake. Ni siri ya mwenyewe na haina haja ya kuonekana kila anapotoa nauli.

Msindikizaji naye ajipange. Ndiye atakayesaini, atakayelipa, atakayekimbilia duka la dawa. Kitambulisho chake kisibaki nyumbani kwa kudhani mgonjwa ndiye msafiri.

Mpakani na sokoni

Kutoka Mwanza, mipaka ya karibu ni Sirari kwa Kenya, Mutukula kwa Uganda na Rusumo kwa Rwanda. Katika vituo hivi vya pamoja unagongewa kutoka na kuingia mahali pamoja, jambo linalofanya foleni iende haraka na maswali yaje mfululizo. Weka pasipoti na kadi ya manjano pamoja kwenye kifuko kimoja kisicho na kitu kingine. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuwamo kwenye mpango huo, kwa hiyo Mtanzania asiige jirani yake wa kiti. Beba pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa nchini tarehe 31 Januari 2018, hudumu miaka 10.

Kadi ya manjano nayo ina hesabu yake. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo anayechanjwa leo na kuondoka kesho bado hajakamilisha sharti. Lakini akishachanjwa, tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Kitunze kama cheti cha kuzaliwa.

Mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Kirumba ana tabaka jingine la karatasi: leseni, vibali vya kusafirisha mazao ya uvuvi, stakabadhi za ushuru, risiti za malipo. Hizi zisichanganyike na kadi zake binafsi. Mzigo una bahasha yake, mtu ana kifuko chake, kwa sababu mara nyingi dereva ndiye anayetangulia na mzigo wakati mwenye mali amepanda gari jingine. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, aulize pale mpakani kuhusu cheti rahisi cha uasilia. Ni utaratibu uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, na wengi hulipa zaidi kwa kutoujua.

Kadi nazo huzeeka

Mara mbili kwa mwaka, kwa mfano kabla ya Pasaka na kabla ya Krismasi, au kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi Kubwa, mwaga kadi zote mezani. Tazama tarehe za mwisho. Leseni ya udereva hudumu miaka mitano na haikumbushi inapokaribia kuisha. Pasipoti yenye chini ya miezi sita hukataliwa na nchi nyingi. Bima ya afya hufa kimya michango ikikatika. Sahihisha namba za simu kwenye kadi ya dharura, maana watu hubadili laini na wengine hutangulia mbele ya haki.

Kadi ikipotea, kwanza piga simu benki na kwa mtandao wako wa simu ili kadi na laini vifungwe, kisha nenda polisi ukachukue ripoti ya upotevu, ambayo utaombwa karibu kila ofisi utakayokwenda kutengeneza mpya. Nakala zilizobaki nyumbani ndizo zitakazofupisha mzunguko huo. Lakini usitume picha za vitambulisho vyako kwenye makundi ya simu. Mwachie mtu mmoja, mkononi, kwenye karatasi.

Haya yote ni juu ya msafiri. Kuna sehemu ambayo haiko mikononi mwake, na sura hii ingekuwa na upungufu kama ingenyamaza juu yake. Abiria aliyejipanga vizuri kuliko wote bado anahitaji chombo kinachoandika. Kila mtumbwi wa abiria, kila boti, kila kivuko kiache nakala ya majina nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa, na majina hayo yawe pamoja na ya watoto wanaopakatwa, kwa kuwa wao husahauliwa zaidi. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Ukifika ufukweni na kukuta hakuna anayeandika, uliza. Ukijibiwa kwamba safari ni fupi, waambie abiria wenzako, andikeni majina yenu wenyewe na mmwachie mwenye duka pale mwaloni, kisha mpeleke habari kwa mwenyekiti wa mwalo. Abiria wengi tukiuliza, siku nyingi, kwenye kila mwalo, wenye vyombo wataandika. Na mwenye chombo asiyetaka kuandika jina lako, mwache aondoke bila nauli yako.